Jivu Nililompelekea Dada Yangu

Watu wa hapa Nachingwea hunicheka wakisikia nimestaafu. Ndevu zangu bado zinahesabika, na pakiwa na ngoma Nambambo leo hii nitakwenda kwa miguu na nitarudi ikiisha. Lakini kazi niliiacha nikiwa na miaka ishirini na saba. Nikiinua mkono wa kulia, kiganja kinaning'inia kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Haya mnayosoma nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, na mwalimu wangu wa darasa la nne angeyaona angenichapa kwa mwandiko peke yake.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaoanza kazi za moto na chuma, mnaochambua mabaki ya matrekta yaliyobaki porini tangu Wazungu wa karanga walipofunga virago. Najua mnaipenda kazi hiyo. Mimi niliipenda kuliko nyie.

Nilikuja kambini kwa Wazungu hao kutafuta usukani wa trekta. Karani aliyekuwa akiandika majina akanitazama miguu, maana nilikuwa sina viatu, akasema nitaanza kwenye kuchoma taka halafu nitapanda. Nikaamini kabisa kwamba kutoka kwenye taka hadi kwenye trekta ni kama hatua tatu. Nilikuwa hivyo. Nikichoma matairi nilikuwa naona moshi unakwenda zake juu, nami najiona nimekaa juu ya lile trekta kubwa la minyororo, nang'oa miti, na watu wa kwetu Nandagala wamesimama kandokando wananitazama.

Taka zenyewe zilikuwa za karakana. Matairi, makopo ya rangi, nyaya, matambara yenye mafuta, na betri. Mwanzoni tulichomea shimoni, nyuma ya karakana, na moto ulikuwa haulali. Baadaye bwana mkubwa, Mzungu wa kambi, akaona shimo linatia aibu, akajenga tanuri la matofali lenye dohani ndefu. Sisi tulishangilia, kwa kuwa moshi ulitoka machoni petu. Haukutoka duniani. Ulipanda, ukasafiri hatua mia mbili, ukashukia kwenye nyumba za vibarua. Akina mama wakianika nguo nyeupe, wanaanua za kijivu. Kuku wakawa wanazunguka kama walevi, wanakufa. Tukasema ni kideri, tukachinja waliobaki, tukala.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ausi, Mmakua wa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mwembamba, mwenye maneno mengi. Jambo la kwanza alilonifundisha ni upepo. Kabla ya kuwasha chochote unachota vumbi, unaliachia kutoka usawa wa kichwa, unaangalia linakoelekea, kisha unasimama kinyume chake. Hilo lishikeni. Jambo la pili ni kwamba kopo la rangi lazima ulitoboe kabla hujalitupa motoni. Hilo nililijua kwa kulikosea. Kopo lilipasuka siku bwana mkubwa amekuja kukagua, rangi ya kijani ikamrukia shati, shingo na nusu ya uso. Alisimama pale kama kinyonga aliyekosea mti. Mimi nilijua kazi imekwisha. Mzee Ausi akavua kofia, akamwambia kwa heshima zote kwamba Wamwera kama mimi hawana ubaya, ila mgeni wakimpenda humpaka rangi. Mzungu alicheka mpaka akasahau kunifukuza. Tangu siku hiyo mzee akawa ananiita Fundi Rangi, hata mbele ya wasichana.

Jambo la tatu hakunifundisha kwa sababu naye hakulijua.

Betri zilikuja gari zima kwa mara moja. Unaipasua kwa shoka, unamwaga maji yake makali chini, majani yanaungua hapo hapo, kisha unatoa sahani za ndani, ambazo ni madini ya risasi tupu. Kasha lake jeusi unalitupa motoni. Makasha yale yalikuwa yanawaka vizuri ajabu, yanashinda mkaa, na akina mama wa kambini walikuwa wanakuja kutuomba ya kupikia, nasi tunawapa. Sahani tuliyeyusha kwenye karai. Risasi ikiyeyuka inakuwa kama kioo, nami nilikuwa nainama kujitazama. Nilijiona mzuri. Juu yake kunakaa ukoko wa manjano, huo unaukwangua na kuutupa kwenye majivu. Iliyobaki unaimimina kwenye mchanga, inaganda vipande. Wazee wenye magobore walitoka hata Kilimarondo kuja kuomba vipande hivyo, kwa sababu nguruwe na tembo walikuwa wanawamalizia mashamba.

Mchana tulikula pale pale. Kunawa tulikuwa tunanawa, lakini kunawa kwa mtu mwenye njaa. Kila chakula kilikuwa na ladha kama umelamba senti. Mzee Ausi alikuwa anasema ni ladha ya ajira.

Halafu tumbo likaanza kumkaba. Alikuwa anakaa siku tano hajaenda chooni, anajikunja nyuma ya tanuri kama mwanamke mwenye uchungu, nami nasubiri aseme mzaha wake, na anausema. Mwaka uliofuata mikono yote miwili ikalegea. Alishindwa kushika shoka, baadaye kijiko. Alisema ni uzee, nami nikakubali, ingawa baba yangu alikuwa mkubwa kuliko yeye na alikuwa bado anapanda minazi. Alirudi kwao kwa lori la chumvi, tumemfungia mzigo shingoni kwa kuwa hakuweza kuubeba. Aliniachia karai na shoka. Mimi nikaona nimepandishwa cheo.

Sasa niwaeleze habari ya dada yangu Somoe.

Mume wake alichukuliwa na kazi ya reli upande wa Mtwara, akawa haonekani miezi. Somoe akatoka Nandagala, akapita Ruangwa na mzigo kichwani, akaja kukaa kwangu kambini na mtoto wake Zuhura, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatembea. Kwetu Wamwera mtoto wa dada yako yuko mkononi mwako. Baba ana nafasi yake, lakini mtoto akivimba mguu ataulizwa mjomba. Mimi nilifurahi. Nilimtengenezea Zuhura kigari cha kopo la mafuta, chenye magurudumu manne, nikamwambia siku moja nitampeleka Lindi kwa trekta. Yeye alikuwa ananiambia, "Mjomba, nibebe." Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza nzima, na alikuwa anaitumia kwa kila kitu, hata akitaka maji.

Lakini Somoe hakupapenda. Wiki ya kwanza tu akalalamika.

"Kaka, huku kwenu mnaishije? Hata jivu la kuchujia hakuna."

Msiojua mnisikilize. Mlenda wetu, na kisamvu kikiwa kigumu, unapikwa kwa maji ya majivu. Mama anachoma mabua ya mtama au maganda ya kunde, jivu analitia kwenye chungu kilichotobolewa chini, anamwagia maji, yanadondoka taratibu rangi ya chai. Maji hayo ndiyo yanaulainisha mlenda ukavutika. Sasa kambini mabua yangetoka wapi? Matrekta yalikuwa yamefyeka kila kitu, ardhi yote ni karanga za Wazungu. Wanawake walikuwa wanapika mlenda mgumu na kununa.

Nami nilikuwa nimekaa juu ya mlima wa majivu.

Nilimletea debe zima. Tulikuwa tunachoma na magogo ya msituni, hivyo jivu lilikuwa jingi, laini, lenye umanjano kidogo. Somoe alilichuja, akachovya kidole, akaonja.

"Kali," akasema. "Hili jivu lina nguvu, kaka. Hata utamu linao."

Mlenda wa siku ile uliteleza wenyewe. Majirani walikuja kuuliza, Somoe akawagawia, na mimi nikawa mtu mkubwa kambini. Walinipa jina la Mjomba Jivu. Nilikuwa napita nyumba hadi nyumba jioni na ndoo yangu, nasalimiwa na kila mlango, na sijawahi kuwa na furaha vile katika maisha yangu. Habari zikafika kwa mama Nandagala. Akaagiza la kwake, nikampelekea madebe mawili juu ya baiskeli ya kuazima. Mama hakulichuja, yeye kwake mabua alikuwa nayo. Alilichanganya na mbegu za kunde kwenye mtungi ili zisibunguliwe, kama tunavyofanya siku zote. Alituma mtu kuniambia kwamba fukusi wamekufa mpaka wajukuu wao.

Tulikula mlenda ule karibu mwaka mzima.

Zuhura alianza na tumbo. Alikuwa anakaa chini ghafla, anajishika kitovu, analia bila sauti. Choo hakitoki. Mtoto wa kwetu tumbo likimfunga hapewi dawa nyingine kwanza, anapewa mlenda, maana unateleza na yeye utamtelezesha. Somoe akampa mlenda asubuhi na jioni. Mtoto hakupata nafuu, akaongeza maji ya majivu ili uwe laini zaidi. Jivu likaisha, mimi nikakimbia kuleta jingine. Nilichagua la karibu na karai, lile la manjano kabisa, kwa kuwa nililiona ndilo kali.

Hapo nisomeni mara mbili. Dada yangu alimlisha kwa kijiko, anambembeleza, na mimi niliyemletea jivu nilishika taa nikasema, "Kula, mama, kula upone."

Baadaye mtoto akaacha kutembea, akawa anatambaa. Maneno yakampotea moja moja. Alinitazama akafungua mdomo kama anataka kusema ile sentensi yake, ikakosekana. Asubuhi moja akakakamaa mwili mzima, macho yakageuka juu.

Nilimbeba kwenda dispensari, Somoe nyuma yangu. Nilimbeba kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeanza kunichezea. Dresa wa pale, yaani mhudumu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, alikuwa Bwana Filbert, Mmakonde wa Newala, mtu wa taratibu. Alimlaza mtoto, akampa dawa ya kutuliza degedege, akamwambia Somoe akae naye amshike kichwa. Kisha akanitoa nje.

"Nyosha mikono mbele," akasema.

Nikanyosha. Kiganja cha kulia kikaanguka.

"Fungua mdomo."

Alinivuta mdomo wa chini kwa kidole, akaangalia ufizi. Akarudi ndani, akaangalia na wa mtoto, pale meno yanapotokea, akatoka tena.

Aliniambia kwamba zamani, kabla hajawa dresa, alifanya kazi kwenye mitambo ya kuchapa vitabu ya misheni, ambako herufi zilikuwa zinasubuliwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Mwenzake mmoja akapata mstari wa bluu kwenye ufizi, kisha tumbo, kisha mikono. Daktari aliyekuja akawaambia risasi ni sumu, inaingia kwa moshi, kwa vumbi, na kwa mkono usionawa. Haiui haraka. Inakaa.

"Wewe nakuelewa, uko kwenye tanuri," akasema. "Mtoto je? Yeye anaipata wapi?"

Nikasema labda moshi. Akasema moshi unaweza, lakini si kwa kiasi kile. Anakula nini?

"Anakula mlenda tu, Bwana Dresa. Dada anamchujia jivu safi kabisa. Namletea mwenyewe."

Nilisema kwa majivuno, wadogo zangu. Nilikuwa bado na majivuno. Kisha nikamwona Bwana Filbert anavyonitazama, na maneno yangu mwenyewe yakanifikia.

Alisema mtoto apelekwe hospitali kubwa Lindi, lori litapita adhuhuri. Zuhura hakulisubiri. Alifariki saa nne asubuhi ile ile mapajani mwa mama yake. Somoe alimfumba macho, akauliza kama ni malaria, Bwana Filbert akanitazama mimi. Nikasema ndiyo. Nikasema ni malaria imepanda kichwani.

Tulimzika alasiri. Nilikuwa nimeamua kwamba nitamwambia arobaini ikipita. Halafu nikasema moyoni, kwa nini nimwambie kabisa? Mtoto amekwenda. Nikikaa kimya, nitaacha tu kuleta jivu, nitasema tanuri limeharibika. Dada atabaki na kaka. Mnaona jinsi nilivyokuwa napanga. Nilikuwa fundi wa kupanga mambo mazuri kichwani.

Jioni majirani wakaleta chakula cha msiba. Waliweka sinia mbele ya Somoe na wanawake waliokaa naye mkekani, wakafunua. Ugali, na bakuli la mlenda wa kuvutika, kijani kibichi, umelainika vizuri. Jirani yetu mmoja, mama mwenye mimba kubwa, akamega tonge, akalichovya, akamnyoshea dada yangu mdomoni kama anavyofanyiwa mfiwa asiyetaka kula.

"Msile," nikasema.

Wakageuka. Mwanamume haingii kwenye mkeka wa wanawake wa msiba, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yake.

"Kaka, una nini?" Somoe akauliza.

"Jivu langu lina sumu. Dresa ameniambia. Zuhura hakufa kwa malaria. Amekufa kwa jivu."

Kisha mama mmoja mtu mzima akasema nimechanganyikiwa kwa uchungu, niondolewe nikapumzike. Wao wamelila jivu hilo mwaka mzima na mbona wanapumua? Mwingine akajibu taratibu kwamba mtoto wake tangu masika hachezi, anakaa tu ukutani. Mwingine akataja tumbo la mumewe. Yule mwenye mimba aliweka tonge chini, akaanza kujifuta vidole kwenye mchanga, anajifuta na kujifuta, haachi.

Somoe alinitazama mimi tu.

"Lile la mwisho," akasema. "Uliloniletea ukasema kali zaidi."

"Ndiyo."

"Na mama ulimpelekea ngapi?"

"Madebe mawili."

Akasimama. Alichukua kile chungu cha kuchujia, akakiweka juu ya mwamba nyuma ya nyumba, akakipiga jiwe. Alfajiri alikwisha kufunga mzigo. Hakuniambia nifuate, wala hakuniambia nisifuate. Nilimfuata hatua kumi nyuma, siku mbili, kupita Ruangwa hadi Nandagala. Kazi niliiacha pale pale bila kuaga. Tanuri liliendelea bila mimi, na mrithi wangu nilimwandikia barua nikamweleza yote. Alinijibu kwamba namwonea wivu.

Mama alitulilia mjukuu wake, akatulisha muhogo wa kuchoma, ndipo Somoe akamweleza habari ya mbegu. Ulikuwa ndio mwezi wa njaa, mvua imekwisha kunyesha mara moja. Katika mwezi huo mtu hufungua mtungi wa mbegu, anapanda nusu, na nusu anaichemsha, kwa sababu ghalani hakuna kingine.

"Umekwisha kuzila?" Somoe akauliza.

Mama alisema bado, alikuwa anangoja mvua ya pili. Lakini kuzimwaga hamwagi. Sumu asiyoiona na njaa anayoijua, yeye atachagua ipi? Alisema hayo kwa upole, ameukumbatia mtungi kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Somoe hakubishana naye. Alimwambia kwamba hatazimwaga, watapanda zote na haitapikwa hata moja, na muhogo ataukopa kwa ndugu. Mama akauachia mtungi.

Dada alizimimina kunde kwenye ungo, akaziosha. Akaziosha tena. Kila maji akawa anayakinga kwenye beseni na kuyamwaga mbali, na jivu la mtungi akalikusanya lote kwenye gunia. Nilisogea nimsaidie. Kunde zikanipita katikati ya vidole, zikatawanyika uwanjani, kuku wakazikimbilia, na yeye akaanza kuwafukuza. Nikarudi nyuma. Nikasema basi nichimbe shimo la kufukia lile gunia. Nikachukua jembe. Likanitoka mkononi. Nikaliokota, likanitoka tena.

Somoe aliacha ungo, akaja. Alichana upindo wa kaniki yake ya msiba, akakiweka kiganja changu juu ya mpini, akakizungushia kitambaa mara tatu na kukaza fundo kwa meno.

"Refu," akasema. "Mbali na kisima. Kuku wasifike."

Nikachimba. Jua lilikuwa la saa saba, udongo wa juu laini kwa mvua, wa chini mkavu. Nilipofika magotini nilimtazama, alikuwa anaosha. Nilipofika kiunoni nilimtazama tena. Hakuniambia niache, nikaendelea kuchimba.